Wapiga kinanda 14 wa Lindi na Mtwara wanataka chama: waanzie wapi?

SWALI: "Sisi ni wapiga kinanda 14 wa Lindi na Mtwara. Tisa tuko kwaya za Kikatoliki, watatu ni Waanglikana na Walutheri, wawili wanapiga taarabu na shughuli za harusi. Tunataka kuanzisha chama. Tumesikia Ulaya na Marekani vyama vya wapiga ogani za umeme vipo tangu zamani. Vilianzaje, vilikuwa vinafanya nini, na sisi tuanze na lipi? Tuna vinanda vitano, viwili vibovu. Halafu kuna rafiki wa parokia huko Ujerumani ametuahidi ogani ya umeme ya zamani, ya mbao, ina safu mbili za vitufe na pedali za miguu. Tuipokee?" (Mwalimu wa kwaya, Mtama)

JIBU: Mwalimu, hivyo vinanda viwili vibovu ulivyovitaja kwa kupita ndivyo vitakavyoamua kama chama chenu kitafika mwaka wa pili. Katiba, mhuri na fulana vinaweza kusubiri. Ukiijua historia utaona kwa nini nasema hivyo.

Ogani ya umeme iliyofungua njia ni ya Laurens Hammond, Mmarekani aliyekuwa akitengeneza saa za umeme. Alipata hataza mwaka 1934, na mwaka uliofuata Model A ikaingia sokoni. Ndani yake hamna bomba wala upepo. Kuna mihimili yenye magurudumu ya chuma yenye meno, kila moja likizunguka mbele ya sumaku iliyoviringishiwa waya. Meno yakipita, umeme mdogo unatikisika kwenye waya, na mtikisiko huo ukikuzwa ndio sauti. Katika B-3, iliyotoka mwaka 1954 na ndiyo maarufu kuliko zote, magurudumu ni 91, na mpigaji anapika rangi ya sauti kwa vijiti tisa vya kuvuta: hiki kidogo, kile mpaka mwisho, kama anayetia viungo.

Kampuni ilijigamba kwamba chombo chake kinasimama bega kwa bega na ogani ya mabomba. Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani ikaikalia kooni mwaka 1936. Katika shauri hilo likafanyika jaribio kanisani, Chuo Kikuu cha Chicago: wanamuziki na wanafunzi wakasikiliza vipande bila kuona chombo kinachopigwa, kisha wakakisia ni kipi. Makisio mengi yalikuwa makosa. Kampuni ilikatazwa baadhi ya matangazo yake hata hivyo. Kwa hiyo mzee wa parokia akiwaambia kinanda cha umeme si ogani, msigombane naye. Ubishi huo una umri wa miaka karibu 90.

Wengine wakafuata. Jerome Markowitz wa kampuni ya Allen aliuza ogani ya taa za elektroniki kama zile za redio za kale, isiyo na gurudumu hata moja, mwaka 1939, na mwaka 1971 kampuni hiyohiyo ikaleta ogani ya kidijitali. Japani, Yamaha ilitoa Electone ya kwanza, D-1, mwaka 1959.

Sasa vyama. Vilizaliwa kwa njia mbili, na tofauti yake inawagusa ninyi moja kwa moja. Njia ya kwanza ni ya wauzaji na wanunuzi. Familia imenunua ogani ya sebuleni, haijui kuipiga; inahitaji pa kujifunza na watu wa kupiga nao. Hammond ilichapisha jarida lake, The Hammond Times, na matawi ya Hammond Organ Society yakaenea katika miji ya Marekani. Wanachama walikutana mara moja kwa mwezi, nyumbani kwa mmoja wao au ukumbini. Mgeni hodari anapiga, wengine wanasikiliza, chai inanyweka.

Njia ya pili ni ya waundaji. Ogani ya kiwandani ilikuwa ghali, basi watu wakajijengea. Kampuni ya Schober ya New York iliuza ogani kwa vipande ili mnunuzi aungeunge mwenyewe kwa solda; Wersi ya Ujerumani, iliyoanzishwa 1969, ilifanya hivyohivyo. Uingereza kukawa na Electronic Organ Constructors Society, chama cha watu wanaojenga ogani kwa mikono yao. Kazi ya vyama vya aina hii ilikuwa mezani: michoro ya saketi, kubadilishana vipuri, kuulizana kwa nini nota fulani imenyamaza.

Nawapa mfano wa maarifa yaliyokuwa yakipitishwa mezani hapo, maana mtauhitaji ogani ya Ujerumani ikija. Ogani nyingi za transista za miaka ya 1960 zina osileta (saketi inayozaa mtetemo) 12 tu, moja kwa kila nota ya oktava ya juu kabisa. Oktava za chini hazina osileta zake. Zinapatikana kwa kugawa mtetemo kwa mbili, tena kwa mbili. A ya mitetemo 3,520 kwa sekunde inazaa ya 1,760, hiyo inazaa 880, hiyo 440, hiyo 220. Basi A zote zikinyamaza, tafuta osileta ya A. A za juu zikilia na za kuanzia katikati kwenda chini zikanyamaza, kigawanyaji cha hapo katikati ndicho kilichokufa. Mtu aliyeambiwa hilo mara moja hafungui ogani nzima.

Mwaka 1980 Casio ikatoa Casiotone 201, mwaka 1983 ukaja mfumo wa MIDI wa kuunganisha vinanda vya kampuni tofauti, na ndani ya miaka michache kinanda cha kubeba kwapani kikafanya nusu ya kazi ya ogani ya sebuleni. Maduka ya ogani yakafungwa, na vyama vilivyotegemea maduka vikapungua pamoja nayo. Wenye meza ya solda walibaki na kazi, kwa sababu ogani kuukuu zilizidi kuharibika. Ndiyo maana nimeanza na vibovu vyenu.

Upande wetu, neno lenyewe limetembea. Kinanda katika Kiswahili cha zamani kilikuwa chombo cha nyuzi. Baadaye kikabeba hata maana ya santuri, kisha hamonia na piano. Wamisionari Waanglikana wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876, Wabenediktini wakaanza Lukuledi mwaka 1895 na kuhamia Ndanda mwaka 1906, wakati wa Vita vya Maji Maji. Kinanda cha upepo cha enzi zile kilidai miguu miwili ya kukanyaga na mkono wenye adabu. Cha leo kinadai volti 230, adapta sahihi na hewa isiyo na chumvi. Mahali palipo kando ya bahari na penye umeme unaoyumba, hayo matatu ndiyo yanayovunja kwaya.

Wale wawili wa taarabu msiwaache nje kwa kisingizio cha dini. Mpiga kinanda wa harusi anafunga na kufungua chombo chake mara nyingi kuliko ninyi nyote, anajua mixa, anajua jenereta, na ndiye atakayewakopesha kinanda siku chenu kimekufa saa kumi na mbili asubuhi ya Jumapili. Kikiazimwa, lakini, kagueni mambo matatu kabla ya wimbo wa mwanzo: transpozi (kihamisha ufunguo) iwe 0, tuni iwe 440, na skeli iwe ya kawaida. Vinanda vingi vya leo vina skeli za Kiarabu zinazoshusha nota kama E na B kwa robo toni. Ikisahaulika hapo, kwaya itaonekana haijui kuimba na mwalimu atagombeza soprano bure.

Kikao cha kwanza kifanyike mahali penye umeme na meza ndefu. Kwa jiografia yenu, Mnazi Mmoja panafaa, maana ndipo barabara za Lindi, Mtwara na Masasi zinapokutana. Fungueni daftari la vinanda kabla ya daftari la wanachama. Kila kinanda kipewe ukurasa: jina na modeli kama ilivyoandikwa chini yake, idadi ya vitufe, volti na ampia za adapta, alama ya kati chanya au kati hasi, vitufe visivyolia, soketi zinazolegea, tarehe kilipofunguliwa mara ya mwisho na nani alikifungua. Hiyo ya mwisho inazuia fitina.

Adapta nimeitaja makusudi. Vinanda vingi vidogo vya Yamaha vinatumia volti 12 na kati chanya. Casio nyingi za zamani zinatumia volti 9 na kati hasi. Pini inaweza kuingia vizuri kabisa, mtu akawasha, na kinanda kikafa kimya au kikatoa harufu. Tazameni kile kichoro kidogo cha duara na nukta kwenye kibandiko: nukta ya kati imeunganishwa na alama ya kujumlisha au ya kutoa. Volti lazima zilingane. Ampia za adapta zikizidi zinazodaiwa na kinanda hakuna madhara, zikipungua kinanda kitazimika ukipandisha sauti. Funga kila adapta na kinanda chake kwa kipande cha kitambaa cha rangi moja. Njia ya kishamba hiyo, na haijawahi kushindwa.

Sasa twende kwenye vibovu. Ugonjwa wa kawaida ni vitufe visivyolia, au kitufe kinachopiga kelele kubwa hata ukikigusa kwa upole. Chini ya kila kitufe cha kinanda kinachotambua nguvu ya kidole kuna miguso miwili ya raba yenye kaboni nyeusi. Ya kwanza inagusa bodi, kisha ya pili, na kinanda kinapima muda ulio kati yake. Muda mfupi maana yake umepiga kwa nguvu. Vumbi au unyevu ukikaa pale, kipimo kinaharibika. Dawa yake haidai kipuri.

Chomoa umeme, toa na betri kama zimo. Geuza kinanda kifudifudi juu ya blanketi. Piga picha kwa simu kabla ya kila hatua. Skrubu za chini hazifanani urefu, kwa hiyo zipange kwenye vifuniko vya chupa kwa kufuata mahali zilipotoka. Skrubu ndefu ikirudishwa penye fupi inatoboa kasha au inakandamiza bodi. Ukifika kwenye raba, ivue taratibu, usiguse kaboni kwa kidole kwa sababu mafuta ya ngozi yanabaki. Lowanisha pamba ya masikio kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, isidondoke, kisha pangusa kaboni za raba na zile za kwenye bodi mara moja au mbili. Spiriti ya rangi ya kuwashia jiko inaacha utando, petroli na thina vinaivimbisha raba, na msasa unaondoa kaboni yenyewe; hivyo vyote viwekeni mbali na meza. Acha ikauke dakika 15 hadi 20. Rudisha raba ukisukuma vile vichuchu vyake kwenye matundu kwa kijiti butu, na hakikisha hakuna sehemu iliyovimba, maana hewa ikinaswa chini kitufe hakirudi vizuri. Jaribu vitufe vyote 61 kabla ya kufunga kasha. Watu wawili wenye subira wanamaliza kinanda kimoja kwa asubuhi.

Kama vitufe vinavyonyamaza vimekaa kwa mpangilio, tuseme kila cha nane, au kundi zima la jirani, raba haina kosa. Vitufe vinasomwa kwa mistari inayokatizana, na mstari mmoja ukikatika unanyamazisha vyote ulivyo navyo. Pwani mara nyingi ni kiunganishi cha ule waya bapa ambacho chumvi imekiotesha ukungu wa kijani. Uchomoe, ufute, uuchomeke na kuuchomoa mara kama kumi ili msuguano ukwangue kutu. Ikishindikana hapo, kazi ni ya fundi mwenye mita na solda. Chama kitafute mmoja wa redio na simu, kimwalike kikaoni na kimlipe, badala ya kumpelekea kinanda kikae dukani miezi minne.

Kuhusu chumvi na unyevu, kosa ninaloliona sana ni nailoni. Kinanda kinafunikwa nailoni kikiwa bado na joto la kazi, usiku unyevu unabaki ndani kama mtungini. Funikeni kwa shuka ya pamba. Kisiegemezwe ukutani, hasa ukuta unaopigwa na upepo wa bahari. Kipigwe hata nusu saa kila wiki, kwa sababu joto lake dogo la ndani linafukuza unyevu. Kinanda kinachongoja Krismasi ndicho kinachokutwa kimeoza. Mende nao wanapenda penye joto, na uchafu wao unakula bodi. Visitunzwe katika chumba kimoja na maharage ya sherehe ya kipaimara.

Umeme. Kinanda cha kawaida hakili hata wati 20, mixa ndogo kama 20 nyingine. UPS ndogo (kisanduku kinachoshika kazi umeme ukikatika) yenye betri ya volti 12 na ampia-saa 7 ina wati-saa 84 kwenye karatasi. Ukitoa upotevu, mnapata saa moja na robo hivi betri ikiwa mpya, zaidi ya homilia moja ndefu. Spika kubwa yenye amplifaya ndani msiichomeke humo, itaimaliza mara moja. Wenye sola wasipeleke waya wa betri moja kwa moja kwenye kinanda cha volti 12: betri inapochajiwa inapanda kupita volti 14, kwa hiyo wekeni kipunguza volti katikati. Umeme ukikatika, zimeni kila kitu, na ukirudi ngojeni dakika chache. Kuwasha ni kinanda, mixa, amplifaya, kuzima ni kinyume chake, la sivyo ule mshindo wa "pu!" utakuja siku moja kupasua spika.

Jambo dogo la waya, kwa sababu linawasumbua wengi: kinanda kikisikika chembamba, kama kiko ndani ya debe, mara nyingi mmechomeka waya wa stirio kutoka soketi ya hedifoni kwenda mixa ya mono. Sauti za kushoto na kulia zinafutana. Tumieni waya wa mono kutoka soketi iliyoandikwa L/Mono, nyingine iachwe wazi. Na pedali ya mguu ichomekwe kabla ya kuwasha, bila kuikanyaga. Vinanda vingi huisoma pedali vinapowaka tu; ukiikanyaga wakati huo, itafanya kazi kinyumenyume ibada nzima.

Kliniki ya vinanda, yaani siku ya kuvisafisha na kuvitengeneza, muiweke lini? Katika liturujia ya Kikatoliki, wakati wa Kwaresima ala zinapigwa kwa kusindikiza uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya Nne na sherehe na sikukuu. Ndio wakati kinanda kinapumzika, tena ni majira ya mvua, unyevu uko juu. Wa taarabu nao hupumzika Ramadhani, maana harusi zinasimama. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu na mwanzo wa Ramadhani vimeangukia wiki moja, lakini Ramadhani inarudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, kwa hiyo baada ya muda mtahitaji kliniki mbili.

Vikao vya miezi mingine viwe vya mikono. Ugonjwa mkubwa wa wapiga kinanda wetu ni kitufe cha transpozi: mtu anajua C peke yake, kila wimbo anaupeleka huko kwa kubonyeza, na siku anapokuta ogani isiyo na kitufe hicho anageuka bubu. Kibandikeni utepe. Kila mwezi chagueni wimbo mmoja wa sauti nne, upigwe kwenye ufunguo ulioandikwa, kila mwanachama kwa zamu: soprano na alto mkono wa kulia, tenori na besi wa kushoto. Anzeni na C, G na F, fuateni D na B bapa, kisha E bapa na A. Wanaosoma solfa pekee waandike wenyewe ubeti mmoja kwa nota za mistari mitano kila kikao. Kwa mwaka watakuwa wanasoma.

Na sauti ya ogani isipigwe kwa pedali ya kushikilia. Piano inafifia yenyewe, kwa hiyo pedali inasamehe. Ogani haififii; ukishikilia, akodi ya zamani inabaki na nguvu ileile juu ya mpya, uji mtupu. Kuunganisha nota kunafanywa na vidole: kidole cha tano kimeshika kitufe, cha nne kinaingia juu ya kitufe hichohicho, cha tano kinaachia na kwenda mbele. Polepole mno mwanzoni, hata mapigo 50 kwa dakika.

Spika wekeni karibu na kwaya. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Spika ikiwa mbele ya kanisa na kwaya iko mita 30 nyuma, waimbaji wanasikia kinanda kimechelewa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde, nao wanaburuta. Mpiga kinanda akiwasubiri, wimbo unakufa kabla ya ubeti wa tatu.

Kisheria na kifedha nitapita haraka. Sheria ya Vyama, Sura ya 337, inahusu umoja wa watu 10 au zaidi, nanyi mko 14. Usajili wake uko kwa Msajili wa Vyama, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kama mnataka kitu chepesi cha kuanzia, muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu kikundi cha kijamii ngazi ya halmashauri. Kujificha chini ya dekania (kundi la parokia za Kikatoliki) ni rahisi zaidi, ila mtawapoteza Waanglikana, Walutheri na wa taarabu. Wanaopiga kwa malipo wafuate taratibu za BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Ada ya shilingi 5,000 kwa mwezi kwa watu 14 ni 840,000 kwa mwaka. Mkulima wa korosho msimdai kila mwezi. Alipe 60,000 kwa mkupuo baada ya malipo ya mnada, kabla pesa haijapata miguu. Nunueni kwanza bisibisi za ukubwa tofauti, mita ya kupimia umeme, chuma cha solda, spiriti na adapta moja ya akiba ya kila aina mliyo nayo.

Mkikusanya maktaba ya nota, kumbukeni hakimiliki ya mtunzi inaishi naye na miaka 50 baada ya kifo chake. Watunzi wengi wa kwaya zetu wako hai na simu zao zinapatikana. Ombeni ruhusa, andikeni jina la mtunzi na tarehe ya ruhusa juu ya kila nakala.

Limebaki la Ujerumani. Msijibu ndiyo wala hapana kabla hamjapata picha ya kibandiko cha nyuma. Mnatafuta volti, Hz, wati na modeli. Ogani ya Ujerumani ya volti 220 hadi 240 na Hz 50 inaendana na umeme wetu. Ikiwa ni ya Kimarekani iliyofika huko kwa njia zake, itadai volti 117 na Hz 60. Transfoma inatibu volti, Hz haizigusi. Hammond ya magurudumu ya Hz 60 ikichomekwa kwetu mota inazunguka sehemu tano kwa sita ya mwendo wake, sauti inashuka nusu-toni tatu na kidogo. Ukipiga C unapata A iliyolegea. Zile tatu unaweza kuzifidia kwa kuhamisha ufunguo, hicho kidogo kilichobaki ndicho kitakachogombana na vinanda vingine.

Waulizeni kama pedali zinatenganishika na mwili, upana wa ogani dhidi ya mlango wa kanisa lenu, na uzito. B-3 na pedali na benchi lake inakaribia kilo 190, na ogani za kanisa za mbao haziko mbali sana na hapo. Ikiwa ya kuanzia miaka ya 1970, ulizeni kama nota zote 12 zinatoka kwenye chipu moja. Chipu hiyo ikifa ogani nzima inanyamaza, na chipu nyingi za aina hiyo zimeacha kutengenezwa siku nyingi. Kapasita za zamani zinazokauka ni jambo dogo: mtasikia mvumo wa besi usiokwisha, na fundi atabadilisha kwa zenye volti ileile au zaidi. Kitabu cha fundi chenye michoro ni sharti. Bila hicho, mnapokea kabati. Na kodi ya kuingiza mzigo waulizeni TRA kwa maandishi ogani ikiwa bado huko.

Ningekuwa na sauti katika uamuzi wenu, ningemwomba huyo rafiki fedha za usafirishaji ziende kwenye pedali za MIDI, vinanda viwili vya MIDI vya vitufe 61 na kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 8. Programu ya GrandOrgue ni ya bure na inapiga sampuli za ogani za mabomba za kweli. Muhimu hapo ni kadi nzuri ya sauti ya nje, ili kati ya kidole na sauti kusizidi milisekunde 10 hadi 15. Ikizidi, vidole vinaanza kujikwaa.

Lakini kama wao wanataka ogani iende na si fedha, ombeni video ya wiki hii, si ya miaka mitatu iliyopita: mtu apige vitufe vyote vya safu ya juu, cheupe na cheusi bila kuruka, kisha safu ya chini, kisha pedali, akirudia kwa kila rejista (kila aina ya sauti). Kaeni 14 nyote muisikilize, mmoja akiandika. Kimya kikijirudia kwenye nota ileile kila oktava, au kikianza katikati na kushuka, mnajua sasa kilichokufa ni kipi, na mnaweza kumwandikia rafiki yenu awaombe mafundi wa huko wakirekebishe kabla haijafungwa kwenye kreti.